Opampu haina mguu wa graundi: nilivyojifunza kuichagulia bafa umeme wake

Mbukwenyi wakuu. Kuna jambo moja la umeme mdogo ambalo limenila muda na hela, na kila nikipata dogo wa kumfundisha pale kibandani kwangu Majengo naona anaanguka palepale nilipoanguka mimi, kwa hiyo nimeona niliandike lote kama lilivyonitokea. Ni hili la opampu (aisii, yaani chipu ndogo, ya kukuza signali) ukiitumia kama bafa, ile miguu yake miwili ya umeme unaichomeka wapi. Watu wanahangaika sana na miguu ya kuingiza signali na mguu wa kutolea, umeme wenyewe wanachomeka popote penye volti. Mi nasema umeme ndo wa kuanza nao.

Bafa ni kitu chepesi kukieleza. Unachukua opampu, mguu wa kutolea unaurudisha kwenye mguu wa kuingizia wenye alama ya kutoa, signali yako unaipeleka kwenye ule wenye alama ya kujumlisha, basi. Volti inayoingia ndo hiyohiyo inayotoka. Faida yake ni kwamba haivuti karibu chochote kwenye chanzo afu yenyewe inaweza kusukuma mzigo. Huwa nawaambia madogo ni kama mzee wa baraza ambaye sauti imeisha kwa umri, ana msemaji pembeni yake, mzee ananong'ona na msemaji anatamka yaleyale hadi waliokaa nyuma wasikie. Maneno ni ya mzee, pumzi ni ya msemaji. Sasa pumzi ya opampu inatoka kwenye ile miguu miwili ya umeme, volti za miguu hiyo ndo tunaziita reli, na haiwezi kutamka volti iliyo juu ya reli yake ya juu wala chini ya reli yake ya chini, hata mzee anong'one nini.

Chuoni mwalimu alichora pembetatu ubaoni, mistari miwili ikiingia na mmoja ukitoka, umeme hakuuchora. Michoro mingi iko hivyo, wanaacha miguu ya umeme ili mchoro usijae. Maabara tulitumia 741, ile aliyoibuni Dave Fullagar akiwa Fairchild kule Marekani ikatoka 1968, miguu minane, wa 7 umeme wa juu, wa 4 umeme wa chini, 2 na 3 kuingizia, 6 kutolea. Saplai ya maabara tulikuta imeshapangwa, nyaya tatu zinaning'inia, nyekundu volti 15 chanya, bluu volti 15 hasi, nyeusi katikati. Tukachomeka, ikafanya kazi, tukapewa maksi. Nilimaliza chuo naamini ule waya mweusi ndo graundi ya opampu, kumbe ukihesabu vizuri miguu ya 741 hamna hata mmoja ambao waya mweusi ulichomekwa. Mweusi ulienda kwenye mashine ya kutoa signali na kwenye mzigo. Opampu ilichomekwa nyekundu na bluu tu. Nimekuja kuliona hili miaka baadaye na bado naona lingesemwa siku ile ya kwanza lingeniokoa vitu vingi: opampu haijui sifuri iko wapi, inajua juu yake na chini yake, sifuri unaichagua wewe.

Nilipoanza kujaribu nyumbani nilikuwa na betri moja ya volti 9. Nikachukua 741 ileile, mguu wa 7 chanya, wa 4 hasi, nikatoa signali kwenye potenshometa (resista ya kuzungusha) ili iende kuanzia 0 hadi 9. Nazungusha potenshometa hadi chini kabisa, mguu wa 6 umeganda karibu na volti 2, nazungusha hadi juu unaishia 8 na kitu. Nikabadilisha 741 nyingine, hivyohivyo. Nikajua nimeuziwa feki, nikamlaumu muuzaji wa watu moyoni, kumbe aisii ilikuwa nzima, imetengenezwa hivyo, inataka nafasi ya volti moja mbili juu na chini. Kwenye volti 30 za maabara, yaani 15 chanya na 15 hasi, nafasi hiyo huioni kwa sababu signali yetu ilikuwa volti moja tu katikati. Kwenye volti 9 inakula karibu theluthi.

Sasa nije kwenye lile lililonifundisha hasa. Mjomba wangu ana shamba la zabibu upande wa Mpunguzi, na wanaojua Dodoma wanajua mvua yetu inaanza Desemba inaisha Aprili, hapo katikati ni jua na upepo na vumbi, zabibu bila kumwagilia hupati kitu. Ana sola, betri ya volti 12 ampea-saa 100, pampu ndogo inayosukuma maji kwenye tenki na mabomba ya matone. Akaniambia, mpwa wangu we si fundi, nitengenezee kitu nione hali ya betri bila kufungua lile boksi kila saa. Nikasema shikamoo mjomba, hilo dogo.

Nikachukua Arduino Uno, ile bodi ndogo ya kompyuta ya kupangia programu. Mguu wake wa kusoma unasoma kuanzia 0 hadi volti 5, kwa hiyo betri inayofika 14.4 ikichajiwa lazima uigawe kwanza kwa resista mbili. Nilikuwa naogopa resista zisinywe betri usiku, nikaweka kubwa, mega 1 (ohmu milioni moja) juu na 470k (ohmu 470,000) chini, 14.4 inakuwa volti 4.6, nafasi ya volti 5 imetumika karibu yote, nikajiona nimepiga hesabu safi. Tatizo ni kwamba chipu ya Arduino, ATmega328P, inataka chanzo kisichozidi 10k hivi ndo isome vizuri, na resista zangu zilikuwa sawa na 320k, na nilikuwa nasoma na sensa nyingine ya tenki kwa zamu, namba zikawa zinarukaruka na kuchanganyikana. (Najua kuna watakaosema kapasita ya 104, yaani mikrofaradi 0.1, kwenye mguu wa kusomea ingetosha kwa betri inayobadilika taratibu. Ni kweli, ingetosha, na siku hizi mara nyingi nafanya hivyo. Ila siku ile nilichagua bafa.) Nikaweka LM358, moja ya opampu mbili zilizomo ndani yake, mguu wa 8 kwenye volti 5 za Arduino, mguu wa 4 kwenye hasi ya betri. Namba zikatulia. Nikafunga boksi nikarudi mjini.

Baada ya siku nne mjomba akapiga simu sauti imeshuka. "Mpwa, betri imekufa hii. Asubuhi 11.3, mchana 11.3, usiku 11.3. Hata jua kali haipandi." Na betri ya volti 12 ikiwa 11.3 kweli hiyo imekwisha, na alikuwa ameshaanza kuulizia bei ya nyingine mjini, hela ya dawa za kunyunyizia zabibu alikuwa tayari kuigeuza iwe hela ya betri. Nikamwambia mjomba usinunue chochote, nakuja kesho.

Nikafika na tesa, mita yangu ya kupimia volti. Betri kwenye vichwa vyake, 12.6. Kontrola ya sola inasema inachaji. Kioo changu kinasema 11.3. Nikapima mguu wa 3 wa LM358, pale signali inapoingia, nikapata kama volti 4. Nikapima mguu wa 1 inapotokea, 3.6. Nikakaa chini kwenye mchanga pale nikapima tena, kwa sababu bafa inatakiwa itoe ilichopokea na hii ilikuwa inapokea 4 inatoa 3.6. Nikasogeza resista kidogo ili signali ipande, mguu wa 3 ukapanda, mguu wa 1 ukabaki 3.6 palepale. Sasa ukirudisha 3.6 kwenye hesabu ya resista zangu unapata 11.3 kamili. Betri ilikuwa nzima muda wote, bafa ndo ilikuwa imefika darini.

Kwenye datashiti ya LM358, ile karatasi ya maelezo ya watengenezaji, limeandikwa wazi, nililisoma usiku ule kwenye simu: kuingizia inakubali kuanzia reli ya chini kabisa hadi reli ya juu ukitoa volti 1.5, na kutolea nako juu inaishia karibu hapohapo. Ukiipa volti 5, kazi yake halali ni 0 hadi 3.5. Chini ni nzuri, ndo uzuri wake kuliko 741, inaweza kukaa kwenye betri moja ikasoma karibu na sifuri. Juu ndo inakosa. Na mimi signali yangu niliiweka iishi kati ya 3.5 na 4.6, yaani sehemu yote niliyoitaka ilikuwa nje ya uwezo wake. Nilichagua umeme kwa kuangalia Arduino ina volti ngapi, sikuangalia signali inafika wapi.

Nikafanya lile ambalo wengi wangelifanya. Nikaung'oa mguu wa 8 kutoka kwenye volti 5 nikauchomeka moja kwa moja kwenye betri, volti 12, LM358 inakubali hadi 32 kwa hiyo haina shida. Ikafunguka. 12.6 ikasomeka 12.6, jua likapanda ikasoma 13.9, mjomba akacheka akanichinjia kuku. Nami nikaamini nimemaliza.

Ila siku ileile niliona kitu nikakipuuza na hiki ndo kinaniuma zaidi. Nilizima ile stepdauni (kishusha volti) inayolisha Arduino ili nibane waya, taa ndogo ya Arduino haikuzimika, ikabaki inawaka hafifu, umeme umekatwa kabisa na bado inawaka. Nikaona ni maajabu tu ya vifaa vya bei rahisi. Ukweli wake ni kwamba bafa ilikuwa bado ina umeme wake wa betri, inasukuma volti 4 kwenye mguu wa kusomea, na ndani ya chipu kuna dayodi ya ulinzi kutoka kwenye kila mguu kwenda kwenye reli yake ya volti 5, kwa hiyo Arduino nzima ilikuwa inalishwa kwa mlango wa nyuma, kupitia waya wa signali. Ukiona taa inawaka hafifu namna hiyo jua kuna kifaa kina umeme kinakisukumia kifaa kisicho na umeme.

Wiki mbili baadaye upepo wa Dodoma, mnaujua wa mwezi wa nane, ukatikisa boksi, resista ya 470k ya chini ikachomoka mguu mmoja, nilikuwa nimeichomelea vibaya. Bila ile ya chini, mega 1 inapeleka volti ya betri nzima kwenye bafa. Bafa ina pumzi ya volti 12, ikatamka ilichoweza, 11 hivi, moja kwa moja kwenye mguu wa Arduino unaovumilia 5. Chipu ikafa. Na ingekuwa bafa iko kwenye volti 5 hata resista zote zingechomoka isingeweza kutoa zaidi ya 5, kwa sababu haina.

Hapo ndo nikaelewa kwamba kuchagua umeme wa bafa kuna watu wawili wa kuwaangalia. Kuna mzee anayenong'ona, yaani ile signali, chini kabisa inafika volti ngapi na juu kabisa ngapi, na uiweke ndani ya nafasi ambayo opampu yako inaiweza siyo ndani ya reli tu. Afu kuna anayesikiliza, kile kifaa kinachopokea, kinavumilia mwisho volti ngapi, na ukiweza bafa ilishwe na umeme uleule wa msikilizaji, ukizimika wote wanazimika pamoja, signali ikizidi inaishia kwenye bafa kwanza. Mimi mara ya kwanza nilimwangalia msikilizaji nikamsahau mzee, mara ya pili nikamwangalia mzee nikamuua msikilizaji.

Siku ile nilikuwa sina aisii nyingine, nikarekebisha kwa resista tu, nikaitoa 470k nikaweka 270k, sasa 14.4 inakuwa volti 3.06, mguu wa 8 nikaurudisha kwenye volti 5. Kwa gharama ya resista moja tatizo liliisha, na kama una LM358 na volti 5 huna kingine fanya hivi, unapoteza kidogo ukali wa kusoma, kila hatua ya Arduino inakuwa kama milivolti 23 za betri badala ya 15, kwa betri ya shamba haisumbui. Ila haikuniridhisha kwa sababu datashiti inasema joto likipanda au kushuka sana ile volti 1.5 uihesabu ni 2, maana yake mwisho ni 3.0, na boksi la bati likikaa kwenye jua la Mpunguzi mwezi wa kumi ndani hapashikiki. Nikaagiza MCP6002 kutoka Kariakoo, jamaa akanitumia kwa basi.

Hii MCP6002 wanaiita reli hadi reli, inaingiza na kutoa karibu kabisa na umeme wake, juu na chini. Miguu imepangwa sawasawa na LM358, 8 juu na 4 chini, kwa hiyo nikachomoa ile nikachomeka hii kwenye soketi ileile, nikarudisha 470k. Ikasoma yote. Ila tahadhari kubwa, hii inataka kati ya volti 1.8 na 6.0 basi, na kwa sababu inaingia soketi moja na LM358 ni rahisi sana mtu akaichomeka kwenye volti 12 kwa mazoea, ikaungua. Ndani ya kifuniko cha boksi nimeandika kwa maka peni: VOLTI 5 TU. Na resista ikichomoka tena? Ile mega 1 yenyewe inazuia, ndani ya aisii zinaingia mikroampea 7 hivi, haiumii, na mguu wa kutolea unaishia 5.

Mambo mawili madogo kabla sijaendelea. Ile opampu ya pili ndani ya aisii usiyoitumia usiiache inaelea, rudisha mguu wake wa kutolea kwenye ule wenye alama ya kutoa afu ule wenye alama ya kujumlisha uuelekeze kwenye hasi, isije ikaanza kutetemeka na kusumbua mwenzake. Na kapasita ya 104 iweke kati ya mguu wa 8 na wa 4 karibu kabisa na aisii, usiiweke mwisho wa bodi, nyaya za shambani ni ndefu na stepdauni zina kelele.

La tatu ni la sauti, na hapa ndo utaona kwa nini ile saplai ya waya tatu ya chuoni ilikuwepo. Kuna babu mmoja wa Mvumi anapiga ilimba, ala ya Wagogo ya vyuma vinavyochapwa kwa dole gumba, anaalikwa kwenye harusi na kwenye sherehe za kwaya, shida yake ukumbi ukijaa ilimba haisikiki, na akiwekewa maiki mbele inashika ngoma na makofi zaidi kuliko yeye. Akaletwa kwangu na mjukuu wake. Nikamsalimia, nikamwomba apige nisikie, jamani ule mvumo wa chuma juu ya mbao na ule utando wa buibui unaonguruma kwa chini, nilijua hiki kitu nikikiharibu nitajisikia vibaya maisha yangu yote. Nikamwambia babu sitatoboa wala kugongomea popote. Nikabandika piezo, kile kisahani chembamba cha shaba kinachotumika kwenye vipaza mlio, kwa ndani ya ubao.

Piezo ni mzee mwenye sauti ndogo kuliko wote. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye mikisa sauti inatoka nyembamba, besi yote imepotea, kwa sababu mikisa inaikaba. Inahitaji bafa inayoingizia kwa mega 1 au zaidi. Nikachukua TL072, kelele yake ni ndogo na haivuti kitu, betri moja ya volti 9. Sasa sauti siyo kama betri ya mjomba, sauti inapanda juu ya sifuri na kushuka chini ya sifuri, na ukiwa na betri moja chini ya sifuri hamna umeme, nusu ya sauti inakatwa. Kwa hiyo ukiwa na betri moja unatengeneza sifuri ya uongo katikati: resista mbili za 100k kutoka chanya hadi hasi, pale katikati unapata 4.5, unaweka kapasita ya mikro 10 kupatuliza, afu unapeleka mega 1 kutoka pale hadi mguu wa kuingizia. Signali inaingia kupitia kapasita na kutoka kupitia kapasita, kwa ndani inacheza juu na chini ya 4.5.

Ikafanya kazi. Babu akipiga taratibu ni nzuri hadi unasisimka. Akichapa dole gumba kwa nguvu, pale wimbo unapokolea, inapasuka, tena mpasuko mbaya, siyo ule wa kawaida wa kuzidisha sauti. Nikapunguza mikisa, hamna. Nikabadilisha piezo, hamna. Na siku ya pili ikawa mbaya zaidi kuliko ya kwanza, hapo nikapima betri, ilikuwa 7.5.

TL072 haipendi signali ikaribie reli yake ya chini. Juu inafika vizuri, chini inataka nafasi ya volti 3 hivi, na ukiivuka haikati tu, kutolea kunageuka, signali inashuka yenyewe inaruka juu. Huo ndo ulikuwa ule mpasuko. Piga hesabu: sifuri ya uongo iko 4.5, toa 3, unabaki na volti 1.5 tu za kushukia. Betri ikichoka ikawa 7.5, katikati ni 3.75, unabaki na 0.75. Piezo ikigongwa kwa dole la mtu aliyepiga ilimba miaka hamsini inatoa zaidi ya hapo bila shida. Kwa hiyo TL072 haikuwa mbaya na betri moja haikuwa mbaya, vilikuwa havifai kukaa pamoja kwa kazi ile.

Nikaweka betri mbili za 9. Hasi ya moja inaungana na chanya ya nyingine, pale zinapoungana ndo sifuri, huko ndo inaenda ganda ya waya wa piezo na ganda ya jeki. Mguu wa 8 unapata 9 chanya, wa 4 unapata 9 hasi. Mega 1 inatoka mguu wa kuingizia inaenda kwenye sifuri ile ya kweli. Sasa chini ina volti 6 za kushukia badala ya 1.5. Resista za katikati nikazitupa. Kutolea nimeacha kapasita moja hata kama kwa mpango huu siyo lazima, nitaeleza kwa nini.

Swichi. Hapa watu wengi wanakosea na mimi nilikosea jioni moja. Betri mbili zinataka swichi inayokata nyaya mbili kwa pamoja. Ukitumia swichi ya kawaida ukakata chanya ya juu tu, betri ya chini inabaki imechomekwa, opampu ina reli moja, kutolea kunavutwa kuelekea hasi na spika zinapiga dup la kutisha watu, na ile betri inaisha ukiwa umelala. Kapasita ya kutolea ipo kwa ajili ya siku kama hiyo, betri moja ikichomoka au ikifa mbele za watu, volti ya moja kwa moja isiende kwenye mikisa ya wenyewe. TL072 inakula miliampea tatu hivi, kwa hiyo betri nzuri zinakaa zaidi ya saa 100 za kupiga.

Wapo wanaoniuliza kwa nini nisitumie umeme wa ukutani nipate 12 chanya na 12 hasi. Unaweza, trafo yenye waya wa katikati, afu aisii za kushikilia volti isibadilike, 7812 upande wa juu na 7912 upande wa chini. Ila angalia miguu, 7812 ni kuingia, graundi, kutoka, na 7912 inaanza na graundi, afu kuingia, afu kutoka, na bati la mgongoni la 7912 lina umeme hasi unaoingia, ukizifunga zote mbili kwenye kipoza joto kimoja bila kutenganisha umeunganisha vitu visivyounganishwa. Kwa babu nilikataa kwa sababu nyingine, huko anakoalikwa umeme mara nyingi ni wa jenereta, sikutaka ngurumo ya jenereta iingie kwenye ilimba.

Mara ya mwisho kumsikia ilikuwa harusi ya huko kwao Mvumi. Kabla hajapanda nikafungua kile kiboksi nikapima, betri ya juu 8.8, ya chini 7.9, hazilingani kwa sababu mjukuu alibadilisha moja tu. Dogo akaniuliza kwa wasiwasi kama sauti haitaenda upande. Nikamweka tesa mkononi, waya mweusi pale betri zinapoungana, mwekundu mguu wa kutolea, akasoma mwenyewe sifuri na milivolti tatu. Sifuri iko pale tulipoichagua, siyo kwenye nusu ya jumla ya volti za betri. Babu akaniuliza, mjukuu wangu tayari? Nikamwambia tayari babu, akachapa dole.